Je, bakteria wanaweza kutuchimbia madini kwenye asteroidi?

Kusini-magharibi mwa Uhispania unapita mto Tinto, wenye maji mekundu ya kutu na ukali wa ndimu. Watu wamechimba shaba na fedha kwenye vilima vyake kwa takriban miaka 5,000, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba wekundu ule ni uchafu wa migodi tu. Migodi imechangia kwa kufukua miamba, lakini wanaoyapaka maji rangi ni viumbe wasioonekana kwa macho: bakteria wanaojipatia riziki kwa kula chuma na salfa. Mmoja wao, Acidithiobacillus ferrooxidans, alitambuliwa mwaka 1947 katika maji makali yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye mgodi wa makaa ya mawe.

Toka kwa mdudu huyo hadi kwenye asteroidi, yale mawe yanayozunguka Jua, mengi yao kati ya Mirihi na Mshtarii, panaonekana mbali. Hata hivyo wapo wanasayansi wanaouliza bila utani: je, hatuwezi kutuma huko kichupa cha bakteria na mashine chache zenye uwezo wa kuzaa mashine wenzao, kisha tukae tusubiri mzigo? Jibu langu kwa kifupi ni kwamba bakteria ndio upande mwepesi wa shughuli hii. Kizito ni tangi watakalokaa.

Tuanze na huo ulaji. Wewe na mimi tunapata nguvu kwa kukinyang'anya chakula elektroni zake na kuzikabidhi kwa oksijeni tunayoivuta. Bakteria huyu hufanya vivyo hivyo, ila anayeporwa ni chembe ya chuma iliyoyeyuka majini, nayo huporwa elektroni moja tu. Chuma kilichoporwa hubaki na njaa yake, na njaa hiyo hukifanya kilivamie jiwe la salfa lililo jirani na kupora humo. Jiwe linamomonyoka, shaba au kobalti iliyokuwa imefungwa ndani inayeyukia majini, na chuma kinarudi kilivyokuwa mwanzo. Bakteria anakipora tena. Mzunguko haukomi maadamu kuna maji, hewa na jiwe. Salfa nayo inageuka tindikali, ambayo ingewaua viumbe wengi, lakini kwa huyu ndiyo nyumbani.

Wachenjuaji wamemfahamu kwa miongo mingi. Huko Chile, marundo ya mbale duni za shaba hunyunyiziwa maji makali yenye bakteria, na shaba huchuruzika chini. Kwenye mgodi wa Fairview, Afrika Kusini, walianza mwaka 1986 kuwalisha bakteria makinikia ya dhahabu ndani ya matangi. Dhahabu yenyewe hawaigusi. Wanakula yale madini ya salfa yaliyoifungia, na dhahabu inabaki wazi kwa hatua inayofuata. Kasese, Uganda, bakteria walitumika kutoa kobalti kwenye marudio, yaani mabaki ya uchenjuaji, yaliyoachwa na mgodi wa shaba wa Kilembe. Kwa maneno mengine, nusu ya wazo hili si ndoto. Ina ankara na mishahara.

Kwa nini basi wapelekwe angani? Kwa sababu ya uzito. Kila kilo inayoondoka duniani kwa roketi inalipiwa, na mtambo wa kawaida wa kuchenjua madini ni vinu, tanuri na mapipa ya kemikali. Gramu moja ya bakteria ina seli kama trilioni moja. Wakipata maji na chakula, na kila seli ikagawanyika mara 20 mfululizo, gramu hiyo inakuwa tani. Kwa bakteria anayegawanyika mara moja kila nusu siku, hizo ni siku 10. Sijui mtambo mwingine unaosafirishwa kwenye bahasha na kuwa na uzito wa tani wiki mbili baada ya kufika.

Je, wanafanya kazi pasipo uzito? Hilo limeshajaribiwa. Mwaka 2019 timu ya Charles Cockell wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, ikishirikiana na Shirika la Anga la Ulaya, ilipeleka kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga vyombo 18 vya ukubwa wa kiberiti, vikiwa na vipande vya basalti na bakteria wa aina 3. Baadhi viliachwa vielee, vingine vilizungushwa ili kuiga uzito wa Mirihi na ule wa Dunia. Baada ya siku 21 kazi ikasimamishwa. Sphingomonas desiccabilis alikuwa ametoa madini adimu kwenye jiwe katika hali zote tatu, na wenzake wawili hawakufua dafu. Mwishoni mwa mwaka 2020 walirudi tena, safari hii na vipande vya kimondo halisi, na pamoja na bakteria wakapeleka kuvu.

Mashine inayozaa mashine

Upande wa pili wa wazo ulianza kwa karatasi na hesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mwanahisabati John von Neumann alionyesha kwamba mashine inaweza kabisa kuunda nakala yake, ikiwa ina vitu viwili: maelekezo ya jinsi ilivyoundwa, na mkono wa kuyafuata. Maelekezo hayo hutumiwa mara mbili, kwanza kusomwa ili mtoto aundwe, kisha kunakiliwa jinsi yalivyo ili mtoto naye awe na yake. Aliyasema hayo kabla muundo wa DNA haujajulikana, na seli zikaja kugundulika zinafanya hivyohivyo.

Mwaka 1980 NASA iliwakusanya wataalamu wakachora kiwanda cha kupandwa mwezini kama mbegu: tani 100 za mashine ambazo kwa kutumia udongo wa hapo na mwanga wa Jua zingejenga kiwanda cha pili kwa muda wa mwaka mmoja. Mwaka wa pili vingekuwa vinne, wa kumi vingepita elfu. Kwenye karatasi ni hesabu tamu sana.

Kwenye meza ya fundi hali ni nyingine. Jaribio linalofahamika zaidi ni RepRap, mradi ulioanzishwa na Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath mwaka 2005: printa ya kuchapa vitu vya plastiki, ikiwemo sehemu zake yenyewe. Mwaka 2008 printa ya kwanza ilipata mtoto. Lakini "kuzaa" huko kulikuwa na masharti. Ilichapa vipande vya plastiki tu. Mota, nyaya, vyuma vya kuteleza na kadi za kielektroniki vilinunuliwa, na binadamu akakaa chini na bisibisi kuunganisha. Watu wa mradi huo vile vinavyonunuliwa wanaviita vitamini, yaani vitu ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Naona ndilo neno bora kuliko yote katika mjadala huu.

Vitamini ngumu kuliko zote ni chipu. Mtambo wa kisasa kabisa unaochora nyaya za chipu una sehemu zaidi ya 100,000 na uzito wa tani 180 hivi, nao ni mmoja tu kati ya mitambo mingi ya kiwanda. Mashine ya asteroidi inayojizalisha kwa ukamilifu ingelazimika kuzaa na huo mtambo pia. Ndiyo maana wenye busara hawadai ukamilifu. Wanasema vile vizito, kama fremu, mabomba, matangi na vioo vya kukusanyia jua, viundwe huko huko kwa chuma na kioo cha asteroidi, na chipu zitumwe kutoka duniani kwa sababu ni nyepesi.

Sasa mtazame tena yule bakteria wa mto Tinto. Maelekezo yake yote ni herufi kama milioni 3 za DNA. Kutokana na maji, hewa, chumvi chache na chuma anaunda kila kipande cha mwili wake, pamoja na kifaa cha kusomea maelekezo na kifaa cha kuyanakili, bila bisibisi ya mtu yeyote. Kile ambacho von Neumann alikiandikia hesabu kinaogelea kwenye maji mekundu, na ndicho kitu pekee cha aina hiyo tulicho nacho mkononi.

Ugumu wa tangi

Wengi wakifikiria asteroidi wanaona mwamba mmoja mkubwa unaosubiri kutobolewa. Bennu, asteroidi yenye upana wa takriban mita 490, ilituonyesha vingine. Oktoba 2020 mkono wa OSIRIS-REx, chombo cha NASA, ulipoigusa, ulizama karibu nusu mita kana kwamba hakuna kitu. Ni rundo la kokoto na mawe yaliyoshikana kwa shida. Kumwaga humo maji yenye bakteria ni kazi bure, kwa sababu katika ombwe maji huchemka na kuganda kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kokoto lazima zizolewe, zisagwe na kuingizwa kwenye tangi lisilovuja, lenye joto linalofaa na kinga dhidi ya mionzi.

Kisha kuna povu. Kwenye matangi ya duniani hewa husukumwa kutoka chini, mapovu yanapanda, na kupanda kwao kunakoroga kila kitu. Pasipo uzito povu halipandi. Linabaki pale lilipozaliwa, na bakteria walio mbali nalo wanakosa hewa. Dawa ni kulizungusha tangi zima ili kuigiza uzito, na hapo unaongeza beringi na mihuri, vyote vikiwa karibu na tindikali inayokula chuma.

Tupige hesabu ya asteroidi ndogo yenye upana wa mita 10, ya aina ile nyeusi yenye kaboni nyingi. Uzito wake ni kama tani 1,000. Matangi ya bakteria hufanya kazi vizuri jiwe likiwa si zaidi ya sehemu moja kwa kila sehemu nne za maji, hivyo ukitaka kuichenjua yote kwa mpigo unahitaji tani 4,000 za maji, karibu mara kumi ya uzito wa Kituo cha Kimataifa cha Anga. Haiwezekani. Lakini ukienda kwa awamu za tani 10, maji ni tani 40 yanayozungushwa tena na tena. Na ikiwa asilimia 10 ya jiwe lenyewe ni maji yaliyofungwa ndani ya udongo wake, kama ilivyo kwenye baadhi ya vimondo vya aina hiyo, unapata tani 100 kwa kulipasha moto tu. Asteroidi inajigharimia maji yake. Duniani makinikia hukaa na bakteria siku 4 hadi 6. Awamu 100 za siku 5 ni siku 500, na huko hakuna anayekimbizana na saa.

Unavuna nini? Chuma kama tani 180, nikeli kama tani 10, maji yanayobaki, na platinamu takriban kilo moja. Umesoma sawasawa: kilo moja, na ukumbuke kwamba bakteria huyeyusha vilivyo kandokando ya platinamu tu, kama ilivyo kwa dhahabu ya Fairview. Anayetangaza utajiri wa kuleta duniani ama hajapiga hesabu hii ama anatafuta wawekezaji. Sampuli ya Bennu iliyofika mwaka 2023, baada ya safari ya miaka 7 na matumizi ya karibu dola bilioni moja, ilikuwa gramu 121.6. Zile habari kwamba asteroidi Psyche ina thamani ya dola zenye sifuri 19 zinasahau kwamba hakuna mnunuzi wa mzigo huo, na kwamba msongamano wake ni kama nusu ya ule wa chuma kitupu, kwa hiyo si bonge la chuma kama ilivyodhaniwa. Chombo kilichoondoka Oktoba 2023 kitafika huko mwaka 2029 kuthibitisha. Faida ya tani 180 za chuma na tani 100 za maji iko kulekule juu, ambako kila kilo isingelipiwa roketi tena, na maji yakipasuliwa kwa umeme wa jua yanatoa mafuta ya roketi na oksijeni ya kuwapa bakteria.

Zipo kazi ambazo singempa bakteria. Punje za mchanganyiko wa chuma na nikeli, kama ule wa kimondo cha Hoba kule Namibia, hunaswa kwa sumaku, na nikeli inaweza kuchukuliwa kwa gesi ya kaboni monoksidi, njia inayotumika viwandani tangu karne ya 19. Bakteria ni wa yale mabaki ya salfa na mawe yaliyofungia madini kidogokidogo, ambako moto na kemikali vingegharimu mno.

Wanaoogopa mashine zinazojizalisha zisije zikaula ulimwengu wana faraja moja kwa upande huu: tangi likipasuka, kazi imekwisha. Kufa kabisa ni jambo jingine. Mbegu kavu za Bacillus subtilis zilikaa angani karibu miaka 6, kuanzia 1984 hadi 1990, na zile zilizokingwa na mwanga mkali wa Jua zikaamka ziliporudishwa. Kuhimili si kufanya kazi, lakini kunatosha kuharibu ushahidi. Vumbi la Bennu limekutwa na asidi amino 14 kati ya 20 zinazotumiwa na viumbe hai, na ukishapitisha bakteria wako mahali kama hapo, hutajua tena kilichokuwepo kabla yako.

Hadi leo kilichokwishafika angani ni vile vyombo vya ukubwa wa kiberiti. Kati ya kiberiti na tangi la tani 50 kuna kinu cha kusaga mawe yasiyo na uzito, pampu, vichujio, beringi na mihuri isiyovuja miaka miwili mfululizo, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho bakteria atajitengenezea.