Mpe mhusika wako mtihani uleule mara ya pili

Maigizo mengi ya shule ninayoalikwa kuyatazama hapa Kampala huishia kwenye magoti. Baba amenywea waragi karo ya watoto, amempiga mkewe, amemfukuza binti. Dakika chache kabla ya mwisho anapiga magoti, analia, anasamehewa, ngoma zinalia. Watu hupiga makofi, nami huondoka na huzuni, maana yule baba hajabadilika. Ametangaza tu.

Ninaongoza maigizo na kufundisha waandishi chipukizi, na kila kikundi hukiomba jambo hilohilo: mrudishieni mhusika mkuu mtihani aliokwisha kuufanya. Jibu likiwa jingine, hadhira itaona mabadiliko bila kuambiwa.

Chukueni Macbeth, tamthilia ya Shakespeare ambayo Samuel Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili. Kabla ya kumuua Mfalme Duncan, Macbeth anasitasita, anapima hasara, hata anamwambia mkewe waliache jambo hilo. Mke ndiye anayemsukuma. Ikifika zamu ya Banquo, rafiki yake, anatuma wauaji bila kumwambia mkewe kitu. Kwa familia ya Macduff, mpinzani wake, hajadiliani tena hata na moyo wake: anaapa kwamba wazo likimjia, mkono utende papo hapo. Damu inazidi, kusita kunapungua, na mabadiliko yako katika kule kupungua. Waigizaji wengi hupaza sauti kadiri Macbeth anavyoharibika. Mimi huwataka wafupishe vituo kati ya maneno.

Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, tamthilia ya 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji, ananigusa zaidi, kwa sababu dosari yake imeshikana na wema wake. Ameamini, akawaaminisha watu waliokuwa wametengana kwamba maji yatawakinga na risasi za Wajerumani. Neno hilo linawaunganisha, na neno hilohilo linawapeleka kwenye kifo. Mwanzoni anatamka lililomjia bila kulihoji. Kisha shaka inamwingia, anawataka wangoje, lakini neno limeshakuwa lao na hawamsikii. Mwishoni yuko mikononi mwa Wajerumani, wanamtaka aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Mtihani umerudi: neno lake, na watu watakaolibeba. Sasa anajua risasi hazikugeuka maji. Hata hivyo anakataa, kwa kuwa akikana, watoto wa kesho wataambiwa kwamba kupigana na mkoloni kulikuwa kosa. Aliyesema bila kupima sasa anapima na kuikubali bei. Hakuna toba wala magoti pale, na bado ni mtu mwingine kabisa.

Mwenzetu John Ruganda alijaribu njia ngumu zaidi katika The Burdens, ya 1972. Wamala alikuwa waziri. Sasa ni fukara na mlevi, na bado anaota ukubwa. Kila nafasi ya kujitazama inampita. Mabadiliko anayoyakataa yanahamia kwa mkewe, Tinka, ambaye mwishowe anamuua. Somo hilo la uandishi tunalo hapa nyumbani, na nasikitika kuona vikundi vyetu vikilipita.

Kwa hiyo kikundi kikiniambia kwamba baba yao mlevi hatabadilika, sikatai. Nawauliza: basi ni nani ndani ya nyumba ile atakayebadilika badala yake, na hadhira itaanza kumwona akibadilika kuanzia onyesho la ngapi?