Mistari ya pundamilia inamchanganya nani?

Ukiuliza kwa nini pundamilia ana mistari, wengi watakujibu kuwa inamficha asionwe na simba. Jibu hilo tumelitoa kwa macho yetu wenyewe, wakati simba haoni kama sisi. Binadamu ana aina tatu za seli za kutambua rangi. Simba ana mbili, na vitu vyembamba vilivyo mbali havioni vizuri. Mwaka 2016 watafiti walichukua picha zilizopigwa porini hapa Tanzania, wakazichuja kwa kompyuta zionekane kama simba anavyoona. Mchana, kupita mita 50, mistari inapotea na pundamilia anabaki kijivu. Wakati wa magharibi ni mita 30. Usiku usio na mwezi, mita 9 tu. Umbali huo simba huenda keshamsikia au kumnusa zamani.

Anayechanganywa ni nzi anyonyaye damu. Mwaka 2019 mwanabiolojia Tim Caro na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwenye mazizi nchini Uingereza. Waliwavisha farasi nguo nyeusi, nyeupe, na zenye mistari kama ya pundamilia. Nzi waliwazungukia wote, lakini kwenye mistari walitua wachache sana. Kichwani, ambako farasi hawakufunikwa, walitua vilevile bila kujali nguo aliyovaa. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzito zaidi, maana harufu ya farasi ni ileile. Picha za video zilionyesha kwamba nzi akikaribia mistari hapunguzi mwendo kama inavyompasa anayetaka kutua: anapitiliza, au anajigonga na kuruka tena.

Mbung'o, nzi mwingine anyonyaye damu, naye ana yake. Rangi ya bluu humvuta kutoka mbali, na nyeusi humshawishi atue. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo mbili. Ukienda mbugani kwenye mbung'o, nguo za bluu na nyeusi ziache nyumbani, vaa kaki.

Nchini Japani watafiti waliwapaka ng'ombe weusi mistari myeupe, na nzi wanaouma waliotua juu yao wakapungua kwa karibu nusu. Wafugaji wetu wanaochunga kando ya mapori yenye mbung'o wanastahili kufanyiwa jaribio kama hilo, huku wakiendelea kuogesha mifugo kwa dawa. Rangi ni rahisi, na ile iliyotumika Japani ilikuwa ya maji.