Je, wajua kwa nini muda wa bwawani haukufuati ziwani?

Mwanariadha wa Mwanza wa triathloni, yaani mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, anayeogelea mita 1,500 bwawani kwa dakika 33, kisha akaingia Ziwa Victoria upande wa Capri Point na kumaliza umbali huohuo kwa dakika 38, aghalabu hujiona ameishiwa pumzi au ametishwa na kina cha maji. Huenda ni kweli, lakini sehemu kubwa ya dakika hizo tano huwa na sababu nyingine: ukuta wa bwawa, njia aliyoifuata, upepo, na namna mwili wake ulivyolala majini. Asipozitenganisha sababu hizo hatajua kama kasi yake ni ndogo au kama amejipima vibaya.

Katika bwawa la mita 25, mita 1,500 humlazimu mwogeleaji kugeuka mara 59, na kila anapogeuka miguu husukuma ukuta na mwili huteleza kwa kasi inayozidi ile ya kupiga mikono. Bwawa likiwa fupi zaidi, la mita 20, hugeuka mara 74 na msaada huo huongezeka. Ziwani hakuna ukuta. Saa ya mkononi inayotumia setilaiti nayo si shahidi wa kutegemewa, kwa sababu ishara za setilaiti hazipenyi maji ila kwa kiasi kidogo sana. Saa huzipata pale tu mkono unapopita hewani, na mengine yote hukisia. Ikionyesha mita 1,640 wakati maboya yalipangwa kwa mita 1,500, ziada hiyo inaweza kuwa kosa la saa, au kupinda kwa mwogeleaji, au vyote viwili.

Upepo unastahili hesabu yake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea pwani na kuyasukuma maji ya juu. Mwogeleaji wa dakika 2 kwa kila mita 100 akikutana na mkondo mdogo wa sentimita 10 tu kwa sekunde, atatumia dakika 11 na sekunde 22 kwa mita 500 za kuukabili, na dakika 8 na sekunde 56 kwa mita 500 za kurudi nao. Atakayepima upande mmoja pekee atajidanganya kwa zaidi ya dakika moja, ama kwa furaha ama kwa huzuni. Anayetaka kupima ziwani apime kwenda na kurudi, asubuhi kabla upepo haujaanza, akiwa na mtumbwi wa kumsindikiza. Asubuhi ina faida nyingine pia, kwa kuwa vijidudu vya kichocho hutolewa na konokono kwa wingi zaidi kuelekea adhuhuri. Hata hivyo hatari haiishi kabisa, na anayeogelea mara kwa mara kwenye maji ya pwani yenye magugu hana budi kwenda kupimwa.

Kipimo ninachokiamini zaidi hufanyika bwawani na kinahitaji saa ya kawaida tu. Baada ya kupasha mwili moto, ogelea mita 400 kwa bidii yote unayoweza kuidumisha, pumzika kwa kuogelea taratibu hadi pumzi irudi, kisha ogelea mita 200 kwa bidii ileile. Toa muda wa mita 200 katika muda wa mita 400, halafu ugawe kwa mbili. Aliyetumia dakika 8 na sekunde 40, kisha dakika 4 na sekunde 8, anabaki na dakika 4 na sekunde 32, yaani dakika 2 na sekunde 16 kwa kila mita 100. Huo ndio mwendo unaokaribia ule anaoweza kuuhimili kwa muda mrefu bila kuchoka ghafla, kwa sababu utoaji huo huondoa sehemu kubwa ya nguvu ya mwanzo ambayo kila mtu huwa nayo na ambayo haidumu. Kuna mtego mmoja: ukizembea katika mita 200, tofauti itapungua na jibu litakupa kasi usiyokuwa nayo. Rudia kipimo baada ya wiki sita hadi nane katika bwawa lilelile, la sivyo utakuwa unalinganisha kuta.

Mwendo ukishajulikana, wengi hukimbilia kuongeza nguvu, na hapo maji hulipiza. Ukinzani wa maji huongezeka takribani kwa kipeo cha pili cha kasi, na nguvu inayohitajika kwa kipeo cha tatu, hivyo kuongeza kasi kwa asilimia 10 hudai nguvu zaidi ya karibu theluthi moja. Bobby Finke wa Marekani alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, dakika 14 na sekunde 30.67, wastani wake ulikuwa takribani kilomita 6.2 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Lakini mwogeleaji wa dakika 2 na sekunde 10 akipunguza ukinzani kwa asilimia 10 bila kuongeza nguvu hata kidogo, huokoa sekunde nne na nusu hivi kwa kila mita 100, ambazo katika mita 1,500 huzidi dakika moja.

Ukinzani huo hutokana zaidi na miguu inayozama. Mapafu yenye hewa huinua kifua, ilhali miguu ni mizito, na mwogeleaji anayeinua kichwa ili atazame mbele huwa kama mtumbwi uliopakiwa shehena yote tezini. Wengi waliojifunzia ziwani utotoni huogelea kichwa kikiwa juu, na kwa maoni yangu kuliacha zoea hilo huwafaa kuliko mwezi mzima wa kujichosha. Maji ya ziwa hayana chumvi ya kumwinua mtu kama bahari ya Dar es Salaam, na vazi la mpira linaloelea haliruhusiwi kwa wanariadha wa ridhaa katika mita 1,500 maji yanapozidi nyuzi joto 22 za Selsiasi, kiwango ambacho Victoria hukipita kwa kawaida. Kwa hiyo tazama chini, toa pumzi mfululizo uso ukiwa majini, na uanze kuvuta maji kwa kiganja na sehemu ya mkono iliyo kati ya kifundo na kiwiko, huku kiwiko kikiwa juu. Miguu ipigwe kidogo tu, kwani baiskeli ya kilomita 40 inaisubiri.

Baada ya hapo ndipo mazoezi ya mwendo yana maana: mita 100 mara kumi kwa mwendo uliopimwa, na mapumziko ya sekunde 15 hadi 20 katikati. Vipindi vitatu vifupi kwa wiki hufaa kuliko kimoja kirefu. Ziwani, chungulia boya kwa kutoa macho tu juu ya maji kila baada ya mikono kadhaa, ukipumulia pembeni. Na kwenye mashindano kaa nyuma ya miguu ya mtu mwenye kasi inayozidi yako kidogo, jambo linaloruhusiwa katika sehemu ya kuogelea, kwa kuwa yeye ndiye atakayeyapasua maji kwanza. Hakikisha tu kwamba anaelekea kwenye boya.