Lemuri Wanaofanana kwa Sura, Wasiofanana kwa Kromosomu

Binadamu ana kromosomu 46, yaani nyuzi zinazobeba jeni, katika seli ya kawaida ya mwili, na sokwe mtu ana 48. Kwa lemuri wa Madagaska, jamaa wa mbali wa nyani, tofauti ni kubwa ajabu: Lepilemur ruficaudatus ana 20 tu, ilhali lemuri wadogo wa jenasi Microcebus wana 66.

Wenye 20 hawajapungukiwa urithi. Katika ukoo wao, kromosomu mbili fupi ziliungana mara kwa mara kwenye sentromea, yaani sehemu iliyobanwa ya kromosomu, zikawa moja ndefu. Jeni zilibaki karibu zote; kilichopungua ni hesabu.

Kuzihesabu ni kazi ya subira. Huchukuliwa damu kidogo au kipande cha ngozi, seli zikakuzwa, kisha zikatiwa dawa ya kolchisini ili zisimame katikati ya kugawanyika, wakati kromosomu zimejikunja na zinaonekana wazi. Seli huvimbishwa kwa mmumunyo hafifu wa chumvi, hudondoshwa kwenye kioo, hutiwa rangi ya Giemsa, na picha yake hupangwa jozi kwa jozi.

Hivyo ndivyo spishi za jenasi Lepilemur zilivyoanza kutenganishwa. Hutembea usiku, rangi ni kijivu na kahawia, na jicho halitoshi. Mwaka 1975 Yves Rumpler na Roland Albignac walimtambua Lepilemur (kwa kifupi L.) septentrionalis wa kaskazini ya mbali. Baadaye ikabainika kuwa wa eneo la Sahafary wana 34 na wa eneo la Ankarana 36 hadi 38. DNA ikaunga mkono, na wa Ankarana leo ni spishi kamili, L. ankaranensis.

Hata hivyo, idadi kuwa sawa si ushahidi wa spishi moja. Microcebus wamepewa majina ya spishi zaidi ya 20, na ni DNA iliyowatenganisha, si hesabu. Katika jenasi nyingine, Eulemur mongoz, aliyepo pia visiwa vya Nzwani na Mwali, na Eulemur fulvus, aliyepo pia kisiwa cha Maore, wote wana 60.

Kwa wanaofuga lemuri ili kuwaokoa, hili ni jambo zito. Eulemur macaco ana 44. Akizaa na fulvus, mtoto hupata nusu ya kila mzazi, 22 na 30, jumla 52. Kromosomu hizo hupata shida kupangana kwa jozi wakati wa kutengeneza mbegu au mayai, na uzazi huweza kukwama. Ndiyo maana nasisitiza vipimo vifanyike kabla ya kuwaunganisha dume na jike. L. septentrionalis waliobaki wanahesabiwa kwa makumi, wengi wao Montagne des Français karibu na Antsiranana, ambako miti inakatwa kwa ajili ya mkaa.