Kulijua jiwe la kuchonga kabla hujalibeba

Wengi wanaoanza kuchonga zana za mawe huulizia gumegume (flint kwa Kiingereza), kwa kuwa ndilo wanaloliona kwenye video za Ulaya na Marekani. Huku kwetu halina haja. Tuna obsidiani, yaani kioo kilichotoka volkano, ya Bonde la Ufa, tuna lava za kila namna, na penye miamba ya graniti kwatsi (quartz kwa Kiingereza) haikosekani.

Rangi isikushughulishe. Jiwe la kuchonga lina sifa moja kubwa: likigongwa, ufa unapita ndani yake bila kuchagua njia. Jiwe lenye matabaka au punje kubwa huuelekeza ufa litakako lenyewe, nawe unabaki na makombo.

Obsidiani ndiyo bora kuliko zote. Kenya ipo kwa wingi kuzunguka Naivasha na mlima Eburru. Tazama kingo za barabara zilizokatwa na makorongo yaliyochimbwa na mvua, hasa penye majivu ya volkano na yale mawe mepesi yenye vishimo. Nje huwa imefifia, kijivu kama chupa iliyokaa ardhini, na wengi huipita. Vunja pembe ndogo: ndani iwe nyeusi inayong'aa, na pale palipobanduka pawe na mawimbi kama ndani ya kombe la chaza. Ukiona vidoadoa vyeupe vingi, liache. Kila kidoa ni mahali pa ufa kukwama. Ndani ya Hifadhi ya Hell's Gate usiokote hata kipande. Nje ya hifadhi, mwombe mwenye shamba kwanza.

Kwa lava, tumia sikio. Liweke jiwe juu ya ncha za vidole bila kulibana, uligonge kwa kokoto. Jiwe zima hulia. Lenye ufa hutoa "bu" kama chungu kilichopasuka. Fonolaiti, mojawapo ya lava hizo, hata jina lake la Kigiriki linatokana na mlio huo. Kisha lilowanishe, uliache juani. Uso ukishakauka, mistari itakayobaki na unyevu ndiyo nyufa zilizojificha. Kipimo hiki cha maji kimeniokolea mizigo mingi kuliko nyundo.

Mawe ya mtoni yana faida yake, maana mto umekwisha kuyavunja yaliyo dhaifu. Lakini angalia alama ndogo za mwezi mwandamo usoni: hizo ni athari za kugongana, na kila moja inaweza kuwa mwanzo wa ufa. Mawe ya machimbo yanayolipuliwa kwa baruti siyapendi kabisa. Yanapendeza kwa macho, lakini huachana mikononi kwenye pigo la tatu au la nne. Hali kadhalika mawe yaliyopitiwa na moto wa nyasi.

Kwatsi ni ngumu na haina adabu, ila usiidharau: katika mapango ya Kondoa, Tanzania, wachongaji wa kale waliitegemea sana. Chagua ile inayokaribia kupitisha mwanga. Nyeupe kama chokaa mara nyingi imejaa nyufa. Vipande vidogo viweke juu ya fuawe la jiwe uvigonge kutoka juu. Ukivishika mkononi utaumiza vidole tu.

Ukubwa nao una hesabu yake. Kwa shoka la mkono la sentimita 15, anza na bonge lisilopungua sentimita 20, kwani ganda la nje na makosa yako vyote vitakula nafasi. Tafuta bonge lenye ukingo wa pembe iliyo chini ya nyuzi 90. Jiwe la duara kamili halina pa kuanzia. Mpaka ulipasue kwanza.

Unapojaribu, vaa miwani na viatu vilivyofunika mguu, na ugongee nje upepo ukivuma kutoka mgongoni. Vumbi la mawe haya huharibu mapafu, na kitambaa puani hakitoshi.

Ukifika mahali ukakuta vipande vingi vimekwisha kubanduliwa, acha kila kitu kilipo. Olorgesailie na Kariandusi za Kenya, na Isimila ya Tanzania, zilijulikana kwa mabaki ya namna hiyo, na kipande kilichohamishwa hakiwezi tena kumwambia mtafiti kililala wapi. Makapi yako mwenyewe nayo usiyatupe porini, maana yanafanana mno na ya kale. Yafukie pamoja mahali pamoja, na chini kabisa weka sarafu ya mwaka huu, ili atakayeyafukua ajue si ya kale.