Upvas: usafi wa mwili katika mfungo wa Wajaini

Upvas ni mfungo wa siku nzima wanaoushika Wajaini, wafuasi wa dini ya Kihindi inayokataza kudhuru kiumbe chochote hai, wa India, na wa Nairobi na Mombasa pia. Mtu huacha kula tangu jua linapozama, hupitisha siku inayofuata, na hufungua keshokutwa yake dakika 48 baada ya jua kuchomoza. Ni saa 36 na ushee.

Uko wa namna mbili. Tivihar huruhusu maji yaliyochemshwa, mchana tu. Chauvihar hairuhusu hata tone. Hapo ndipo mswaki unapoleta utata. Mwislamu aliyefunga husukutua na kutema, lakini aliyenuia chauvihar hatii maji kinywani kabisa. Basi hupiga mswaki na kusugua ulimi mapema, kabla jua la kuamkia mfungo halijazama. Kinywa kitanuka tu: mate hupungua, na mwili unaochoma mafuta yake hutoa harufu kwenye pumzi. Karafuu au peremende ya kuficha harufu hiyo huvunja mfungo.

Maji ya tivihar huchujwa kwa kitambaa kizito, huchemshwa mpaka yatokote sawasawa, kisha hupozwa kwenye sinia pana. Wengi hukosea kwa kuongeza maji ya bomba ili yapoe upesi. Yakichanganywa hivyo, yote huhesabika mabichi tena, yaani yenye uhai. Isitoshe yana muda: kama saa 9 msimu wa mvua, 12 wa baridi, 15 wa joto. Paryushan, siku 8 za mfungo za Washvetambara, dhehebu mojawapo la Wajaini, huangukia Agosti au Septemba, India ikiwa kwenye mvua. Maji yaliyochemshwa saa kumi na mbili asubuhi hayafai tena ikifika saa tisa alasiri.

Muumini wa kawaida huoga kabla ya ibada ya hekaluni, kwa maji machache yaliyochujwa. Mtawa haogi, na aliyeweka nadhiri ya paushadh, ya kuishi kitawa kwa siku moja, naye haogi. Nguo zenye jasho huanikwa papo hapo, hazirundikwi: kwa mafundisho yao, jasho, mate au makamasi yakibaki majimaji zaidi ya dakika 48 huzaa viumbe visivyoonekana kwa macho, na kuzifua nguo hizo baadaye ni kuviua. Ndiyo maana hata kwenye ayambil, mfungo wa mlo mmoja usio na mafuta, maziwa, sukari wala viungo, mlaji akimaliza husuuza sahani kwa maji kidogo, huyanywa, kisha huifuta ikakauka.