Injini ya tramu ya mtumba: maneno niliyochoka kuyasikia

"Hii waliinunua mtumba kwa sababu hawakuwa na hela, ndiyo maana imechakaa."

Kila anayewazungusha wageni kwenye reli ndogo za Ujerumani ataisikia sentensi hii. Mtu anaona injini ya mvuke yenye umbo la sanduku, anaambiwa kwamba ilianza kazi kwenye tramu za mjini, yaani treni ndogo za barabarani, kabla ya kuuzwa shamba, na hukumu inatoka papo hapo. Wageni wanaozungumza Kiswahili huisema kwa kujiamini kuliko wengine, nadhani kwa kuwa mtumba tumeuvaa na tunadhani tunaujua. Nianze na hili, kwa sababu ndilo linalonikera kuliko yote.

Kabla ya kumcheka mnunuzi, muulize muuzaji kwa nini aliuza. Mji wa Kassel ulianza tramu ya mvuke mwaka 1877, na miji mingine ikafuata. Lakini mwaka 1881 Siemens walikuwa wameshaendesha tramu ya umeme kule Lichterfelde, karibu na Berlin, na katika miaka ya 1890 miji ikaanza kutundika nyaya mmoja baada ya mwingine. Injini za mvuke zikakosa kazi zikiwa bado na nguvu zao. Hazikuondolewa kwa ubovu. Umeme ndio uliozifukuza. Wakati huohuo Prussia ilitunga sheria ya mwaka 1892 kuhusu Kleinbahn, yaani reli ndogo za wilaya zisizobanwa na masharti yote ya reli kubwa. Kampuni za mashambani zikawa zinatafuta injini fupi, nyepesi, inayoweza kukata kona kali bila kuvunja reli nyembamba zilizolazwa juu ya mataruma mepesi. Mjini zilikuwepo, tena kwa bei nafuu. Asiyenunua hapo angenunua lini?

Halafu kuna hili la "imechakaa". Injini ya mvuke haichakai yote kwa pamoja. Mabomba ya ndani ya boila hubadilishwa, pete za chuma za magurudumu huchongwa upya na mwisho hubadilishwa, silinda hutobolewa upya, na boila zima laweza kung'olewa likawekwa jipya. Mwaka uliochongwa kwenye kibao cha kiwandani unakueleza machache sana. Ukitaka kujua hali ya injini, uliza boila lilijaribiwa lini kwa maji. Hujazwa maji hadi juu, kisha hupandishwa shinikizo kupita lile la kazini, na mkaguzi huzunguka na taa akitafuta jasho kwenye viungo. Hutumika maji na si mvuke kwa sababu maji hayabanwi: bati likipasuka, maji yanavuja tu na hakuna anayeumia. Nikiulizwa umri wa injini huutaja, lakini kwa shingo upande.

Ubaya wa kweli wa injini hizi upo, ila si umtumba wake. Ziliundwa kuvuta mabehewa machache kwenye barabara tambarare na kusimama kila baada ya dakika chache. Ekseli mbili, tangi dogo la maji, nafasi ndogo ya makaa, tanuri dogo. Ifungie mabehewa ya mizigo, ipandishe kilima, na mvuke unakwisha njiani. Dereva anasimama kusubiri shinikizo lipande, abiria wanalaumu uzee. Mpya kutoka kiwandani ingefanya vivyo hivyo. Mahali ilipofaa, ilifaa kabisa: reli ya Chiemsee kule Bavaria, isiyofika hata kilomita 2 kutoka stesheni ya Prien hadi gatini, ilipewa injini ya sanduku ya kiwanda cha Krauss mwaka 1887, na injini hiyo ipo hadi leo.

Linganisha na Molli, reli ya Bad Doberan kwenye pwani ya Baltiki, ambayo bado inapita katikati ya mtaa wa maduka. Nayo ilianza na injini za aina ya tramu mwaka 1886, lakini mwaka 1910 njia ikarefushwa hadi Arendsee, leo Kühlungsborn, na leo ina zaidi ya kilomita 15. Hapo sanduku halikutosha tena. Mwaka 1932 zikaja injini kubwa za Orenstein & Koppel. Na mwaka 1961 Molli nayo ikapata mtumba, injini zilizoundwa Babelsberg mwaka 1951 kwa ajili ya migodi ya urani ya Wismut. Sijawahi kumwona abiria akikataa kupanda.

"Reli nyembamba ni reli nyembamba, injini yoyote inaingia." Haiingii. Geji, yaani upana kati ya reli mbili, hutofautiana: Molli ni milimita 900, Chiemsee ni 1000, na kwingine utakuta 750 au 600. Msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kulijua hili bila kuambiwa: reli ya zamani ya kati ya Tanzania ni 1000, TAZARA ni 1067, SGR ni 1435, na behewa la moja haliendi kwenye nyingine. Kwa geji adimu kama 900 unanunua kile kilichopo sokoni, hata kama kimetoka mgodini.

"Sanduku ni la urembo." Ni la farasi na miguu ya watu. Farasi walishtuka walipoona fito za magurudumu zikienda mbele na nyuma, na mtoto angeweza kuteleza chini yake. Basi zikafunikwa hadi karibu na ardhi. Fundi ndiye anayelipia, maana kila akitaka kutia oili lazima afungue vifuniko kwanza.

"Ni za zama za babu wa babu." Injini iitwayo Plettenberg, ya sanduku kabisa, ilitoka kiwanda cha Henschel mwaka 1927 kwa ajili ya reli ya mji wa milimani wenye jina hilohilo. Reli ilifungwa mwaka 1962, na injini ikahamia reli ya makumbusho ya Bruchhausen-Vilsen. Mtumba, tena.